Re: Shule ikishanunua AED, mpango wa nini tena?

Mkuu umeuliza kama mashine ya kushtua moyo ipo shuleni, mpango na mazoezi ya nini tena. Ni hivi, mtoto akidondoka uwanjani moyo umesimama, kila dakika bila shoti nafasi yake ya kupona inashuka kama asilimia 7 hadi 10, sasa piga hesabu mashine iko kwenye kabati la ofisi na mwenye funguo kaenda lanchi. Ndo maana New Jersey, Marekani, sheria yao ya Janet's Law iliyoanza 2014 haikuishia kwenye kununua, inataka mashine ikae sehemu isiyofungwa na ijulikane kabisa nani anapiga 911 (namba yao ya dharura), nani anabonyeza kifua, nani anaikimbilia mashine na nani anawaelekeza watu wa ambulensi.

Mashine yenyewe wala haina ugumu, ukiwasha inaongea, bandika pedi (zile za kunata kifuani zinazopitisha shoti) hapa, msimguse, na kama moyo hauhitaji shoti haitoi, so hiyo hofu ya "ntamuua" achana nayo. Cheki betri na pedi tu, zinaekspaya. Halafu akitikisika au kukoroma msikimbilie kusema kifafa, kama haitiki na hapumui vizuri anzeni kubonyeza kifua hapohapo.