Dada, usiuze ploti kwa ajili ya kipimo cha kemia ya ubongo

Dada uliyeuliza jana usiku kama kuna mashine hapa Nairobi ya kupima dopamini (kemikali ya ubongo inayohusishwa na skizofrenia) ya kijana wako wa miaka 20, ijulikane kama kweli ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, na ukasema kuna aliyekuahidi kipimo hicho na ploti ya Kitengela iko tayari kuuzwa ili ukilipie: pole sana, na tafadhali usisaini chochote kwanza. Mimi ni radiografa, ndiye ninayemlaza mgonjwa kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kisha naketi upande wa pili wa kioo. Tena mdogo wangu wa tumbo moja ana ugonjwa huo tangu 2013. Kwa hiyo hili nalijua kwa pande zote mbili.

Kipimo ulichotajiwa kipo kweli. Kinaitwa spektroskopia, na hufanyika kwenye mashine ile ile ya MRI, bila mionzi. MRI ya kawaida husikiliza maji yaliyomo mwilini ikatoa picha. Spektroskopia huyanyamazisha hayo maji ili kemikali nyingine zisikike, na kazi hiyo si ndogo, kwa sababu ishara ya maji inazishinda karibu mara 10,000. Nachagua kijisanduku ndani ya ubongo, sentimita 2 kila upande. Hizo ni mililita 8, hazifiki vijiko viwili vya chai. Mgonjwa anatakiwa atulie tuli dakika 5 hadi 10. Akigeuza shingo, au kijisanduku kikisogea hadi kwenye mafuta ya ngozi ya kichwa, vipimo vinaharibika na tunaanza upya.

Kinachotoka si picha, ni mstari wenye vilele kama Mlima Kenya na vilima vyake. Kilele kirefu, kwenye alama ya 2.0 chini ya grafu, ni cha NAA, kemikali inayopatikana zaidi ndani ya seli za neva. Kwenye 3.0 kuna kretini, pembeni yake kolini, kemikali nyingine mbili za ubongo. Glutamati, kemikali inayoamsha seli za neva, iko pia, lakini kwenye mashine zenye nguvu ya sumaku ya Tesla 1.5 inachanganyikana na glutamini hadi huwezi kuzitenganisha vizuri. GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, imejificha chini ya kretini, na kuitoa hapo kunataka mbinu maalumu.

Dopamini haimo kabisa. Ni kidogo mno, spektroskopia haiioni. Aliyekuahidi kwamba utaonyeshwa dopamini ya mwanao amekosea, na naomba umwambie hivyo. Watafiti wanaoifuatilia dopamini hutumia kipimo kingine, PET, ambapo mtu hudungwa dawa yenye mionzi.

Sasa utauliza, kama ni hivyo wanasayansi wanahangaika na spektroskopia ya nini? Kwa sababu ya glutamati. Umewahi kumwona mtu akizinduka baada ya kupasuliwa akiwa amelazwa kwa ketamini, dawa ya usingizi, akiongea na watu wasiokuwepo? Wauguzi wetu wa thieta wanalijua hilo sana. Ketamini huziba vipokezi vya glutamati vinavyoitwa NMDA, na kwa saa chache mtu mwenye akili timamu huonyesha dalili zinazofanana na za skizofrenia. Hapo ndipo wengi walipoanza kuamini kwamba dopamini si habari yote. Mwaka 2014 watafiti wa London walichapisha utafiti wa wagonjwa wachache ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Dopamini yao ilikuwa sawa na ya watu wenye afya, lakini glutamati kwenye singulati ya mbele, katikati ya ubongo nyuma ya paji la uso, ilikuwa juu. Mimi niliposoma hayo nililia, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amemeza haloperidoli, moja ya dawa hizo za kawaida, miezi na miezi, mikono ikimtetemeka hadi chai inamwagika, na sauti hazikunyamaza hata siku moja.

Lakini elewa: hizo ni wastani za makundi. Tafiti nyingi zimekuta NAA imeshuka kidogo sehemu ya mbele ya ubongo na kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, ila hushuka pia kwa kiharusi na kwa ugonjwa wa kusahau wa wazee. Umri hubadilisha namba, dawa nazo vilevile. Isitoshe, spektroskopia hupima glutamati yote iliyomo kwenye kijisanduku, hata ile inayotumika kwa kazi za kawaida za seli, si ile tu inayopeleka ujumbe.

Hili nimelijaribu mwenyewe. Jioni moja, kwa ruhusa ya daktari wetu wa picha, nilimlaza mdogo wangu, kisha nikalala mimi, mwenzangu akatupima sehemu ile ile. Nikachapisha grafu mbili, nikakata majina kwa mkasi, nikampelekea daktari. Aliziangalia muda mrefu, akazigeuza, akaziweka moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha. Akanirudishia, akasema hawezi kujua ya nani ni ipi. Hata mimi, kama nisingeweka alama nyuma, nisingejua.

Utambuzi wa ugonjwa huu hufanywa kwa mazungumzo: daktari wa akili akae na kijana, akae na wewe, ajue dalili zilianza lini na kama anatumia bangi au miraa. Akiagiza MRI ya kawaida, kubali, maana wakati mwingine uvimbe au ugonjwa mwingine wa ubongo huleta dalili kama hizo. Hicho ni kipimo tofauti na ulichotajiwa.

Kilichomsaidia mdogo wangu ni klozapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu. Utafiti wa Marekani wa 1988, wenye wagonjwa 268 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa, ulionyesha asilimia 30 wakipata nafuu kwa klozapini, dhidi ya asilimia 4 kwa klopromazini, dawa ya zamani. Klozapini huanzishwa baada ya dawa mbili kujaribiwa ipasavyo, na inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo kwa wiki 18 za kwanza tulikuwa tunapima damu kila wiki. Kila Alhamisi alfajiri alikunja mkono wa shati mwenyewe kabla sijamwambia. Pesa zetu ziliishia huko, na kwenye nauli.

Kijana wako amepewa dawa gani hadi sasa, dozi ngapi, na ameimeza wiki ngapi bila kuruka? Niandikie hapa hapa leo, nikusaidie kupanga maswali ya kumpelekea daktari. Kama hana daktari bado, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari iko Thika Road, fika asubuhi mapema na ubebe kila pakiti ya dawa iliyobaki nyumbani.