Mkataba wa Simu Uingereza: Mwezi Mmoja au Miaka Miwili?

Kila Septemba, wanafunzi na wafanyakazi wapya wanapowasili Uingereza kutoka Afrika Mashariki, suala la laini ya simu huja mapema sana, kwa sababu bila namba ya huku ni vigumu kuzungumza na mwenye nyumba, kupanga miadi ya daktari au kukamilisha taratibu za benki. Mtu aliyezoea vocha na vifurushi vya wiki anakuta simu ikiuzwa pamoja na ahadi ya kulipa kwa miezi 24. Nimeishi huku miaka mingi na nimetumia mikataba mifupi na mirefu, na ushauri wangu ni huu: urefu wa mkataba upimwe kwa muda ambao una uhakika wa makazi na kipato chako, wala si kwa uzuri wa simu iliyopangwa dukani.

Binti wa dada yangu alipokuja Leicester kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, nilimsindikiza dukani. Muuzaji alimwekea mezani simu mpya, akamwandikia kwenye kikaratasi paundi 38 kwa mwezi, na kumwambia kwamba siku hiyo halipi chochote. Binti akaninong'oneza, "Mama mdogo, mbona ni rahisi hivi?" Niliomba kalamu, nikaandika chini ya ile tarakimu: 38 mara 24 ni 912. Kisha nikauliza simu hiyohiyo ikinunuliwa taslimu ni bei gani, nikajibiwa paundi 480. Laini peke yake kwa paundi 10 kwa mwezi, kwa miezi 24, ni paundi 240, na ukijumlisha na simu unapata 720. Tofauti ilikuwa paundi 192. Isitoshe, masomo yake yangekwisha mkataba ukiwa bado na mwaka mzima, na mfukoni alikuwa na simu nzima aliyotoka nayo Morogoro. Alichukua laini ya mwezi mmoja.

Jambo la kulizingatia hapo, hata kuliko hizo paundi 192, ni kwamba mkataba haufi kwa sababu umehama mji, umepoteza kazi au umerudi nyumbani. Ukiuvunja kabla ya wakati, kwa kawaida unatakiwa kulipa sehemu kubwa ya miezi iliyobaki, na deni lisipolipwa linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni na kuonekana katika kumbukumbu zako za mikopo kwa miaka 6. Kwa anayetarajia kuomba nyumba ya kupanga au mkopo baadaye, hilo ni doa zito.

Kanuni za Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano, haziruhusu mkataba wa huduma umfunge mteja wa kawaida zaidi ya miezi 24. Hata hivyo, simu yenyewe inaweza kuuzwa kwa mkopo wa miezi 36, kwa kuwa huo huhesabiwa kuwa mkataba tofauti na ule wa laini. Kabla ya kutia saini, uliza kama unasaini mkataba mmoja au miwili, na kila mmoja unakwisha lini.

Kwa aliyefika juzi, laini ya siku 30 inayojirudia kila mwezi ndiyo pa kuanzia. Mikataba mirefu huambatana na ukaguzi wa historia ya mikopo, na mgeni asiye na historia yoyote huku hukataliwa mara nyingi, hata kama ana mshahara mzuri. Kampuni kama giffgaff, Smarty, VOXI na Lebara huuza laini za mwezi kwa mwezi, nazo hutumia minara ya mitandao mikubwa: giffgaff ya O2, Smarty ya Three, VOXI na Lebara ya Vodafone. Kwa hiyo unaweza kuupima mtandao mkubwa kwa gharama ndogo kabla ya kujifunga nao, na kipimo hicho kifanyike ndani ya nyumba unamolala. Jikoni kwangu, kwenye nyumba ya zamani ya matofali, mtandao mmoja ulishika dirishani tu, na ukisogea hatua mbili kuelekea kwenye jiko maongezi yalikatika. Nilikuwa na laini ya mwezi, nikahama bila kumwomba mtu ruhusa.

Siupingi mkataba mrefu. Mwenye ajira ya kudumu, ambaye ameshaujua mtandao unaoshika kwake na kazini, anaweza kuchukua laini peke yake ya miezi 12 na mara nyingi akapata bei nafuu kuliko ya mwezi kwa mwezi. Mimi mwenyewe ndiyo ninayoitumia sasa. Asiye na fedha za kununua simu kwa mkupuo, na anaihitaji kwa kazi, naye ana sababu ya haki ya kulipa kidogo kidogo, na kulipa kwa wakati kutamsaidia kujenga historia ya mikopo. Ninachomsihi ni aanze kwa kuulizia bei ya simu iliyotumika na kukarabatiwa, kisha afanye hesabu ya jumla yote hadi mwezi wa mwisho.

Katika hesabu hiyo aweke pia ongezeko la bei. Mikataba mingi hupanda kila mwaka, kwa kawaida majira ya Machi au Aprili, na zamani ongezeko lilifungamanishwa na mfumuko wa bei ambao hakuna aliyeweza kuutabiri. Tangu tarehe 17 Januari 2025, mkataba mpya ukiwa na ongezeko, ni lazima litajwe wazi kwa paundi na peni. Litafute kabla ya kukubali, ukikumbuka kwamba katika miezi 24 huenda likakupata mara mbili.

Napendelea kuitazama simu dukani, kisha kufunga mkataba mtandaoni, kwa sababu ununuzi wa mtandaoni au kwa njia ya simu unakupa siku 14 za kughairi, haki ambayo sheria haiitoi kwa mkataba uliosainiwa dukani. Omba pia kikomo cha bili, ambacho mitandao inalazimika kukutolea tangu 2018. Kupiga moja kwa moja namba za Tanzania au Kenya mara nyingi hakumo katika kifurushi cha kawaida, na maongezi ya msiba au harusi nyumbani hayawi mafupi.

Mkataba ukikaribia kwisha, kampuni inatakiwa kukuarifu kati ya siku 40 na siku 10 kabla. Usiupuuze ujumbe huo, maana ukikaa kimya unaweza kuendelea kulipa bei ileile kwa simu ambayo umeshamaliza kuilipia. Simu baki nayo, na ubadilishe laini tu. Tangu Desemba 2021 mitandao imekatazwa kuuza simu zilizofungwa kwa laini zao pekee. Ili uhame na namba yako, tuma neno PAC kwenda 65075, utapokea msimbo unaodumu siku 30, uupeleke kwa kampuni mpya, na namba itahamia huko siku ya kazi inayofuata.