Maswali ya Wasomaji: Udongo Unaogeuka Zumaridi

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, ninaishi Chumbageni, Tanga. Katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft, kila ninaposhuka chini kutafuta almasi ninarudi na almasi chache mno pamoja na masanduku yaliyojaa udongo na changarawe. Wenzangu huvitupa vyote ndani ya lava. Je, hakuna namna ya kuvipatia thamani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ninakuomba usivitupe, kwa sababu katika mchezo huu udongo ni miongoni mwa malighafi zenye faida kubwa kwa mchezaji mwenye subira, na njia ya kuugeuza kuwa mali imekuwepo tangu toleo la 1.19 lililotoka mwaka 2022.

Anza kwa kuyeyusha mchanga katika tanuru upate kioo, kisha tumia vioo 3 kutengeneza chupa 3. Jaza chupa maji na uyamwage juu ya bloku ya udongo, yaani kile kipande cha mchemraba ambacho kila kitu mchezoni hujengwa nacho, nayo itageuka kuwa tope. Chupa tupu inabaki mkononi mwako, kwa hiyo unaweza kuijaza tena bila kikomo. Angalia tu kwamba bloku iwe ya udongo mtupu, maana ile yenye nyasi juu haigeuki, ingawa ukiichimba na kuiweka upya inakuwa udongo wa kawaida. Baada ya hapo, weka tope juu ya bloku nyingine ambayo upande wake wa chini umening'iniza jiwe la matone, yaani lile jiwe lililochongoka linalopatikana mapangoni. Maji yatachuruzika kidogo kidogo kupitia ncha ya jiwe hilo, na baada ya muda tope litakauka na kuwa udongo wa mfinyanzi.

Wewe uliye Tanga huna haja ya kuelezwa sana jiwe la namna hiyo likoje, kwa kuwa Mapango ya Amboni yako kaskazini mwa mji wenu, na ndani yake mawe ya chokaa yananing'inia kutoka darini vilevile. Tofauti ni kwamba kule Amboni tone la maji huacha chembe za chokaa na hivyo kulikuza jiwe lenyewe, kazi inayochukua karne nyingi, ilhali waundaji wa mchezo wamelipa jiwe lao kazi ya kuondoa maji kwenye tope. Ninaona ubunifu huo unastahili sifa, kwa kuwa umejengwa juu ya jambo la kweli la maumbile.

Sasa tuingie katika hesabu. Bloku moja ya udongo wa mfinyanzi ukiichimba hutoa madonge 4, na mwanakijiji ambaye ni mwashi, yaani mmoja wa watu wa ndani ya mchezo wanaofanya biashara na mchezaji, hununua madonge 10 kwa zumaridi 1, ambayo ndiyo fedha yao. Kwa hiyo bloku 5 za udongo, ambazo wenzako wanazitupa, ni zumaridi 2. Mwashi hukubali biashara hiyo mara 16 kabla ya kuifunga kwa muda, na kumfikisha hapo unahitaji madonge 160, ambayo ni sawa na bloku 40 tu. Mwanakijiji asiye na kazi huwa mwashi ukimwekea karibu mashine ya kukatia mawe, inayotengenezwa kwa kipande 1 cha chuma na mawe 3.

Changarawe nayo ina kazi. Changanya bloku 2 za udongo na 2 za changarawe, utapata bloku 4 za udongo wa kokoto. Ziweke chini, uzilime kwa jembe, nazo zitakuwa udongo wa kawaida. Maana yake ni kwamba kila changarawe unayorudi nayo kutoka shimoni inaongeza udongo wako, na udongo huo ndio unaokwenda kwa mwashi. Ningekushauri tu usiimalize yote, kwa sababu changarawe ukiichimba hukupa gumegume kwa wastani mara 1 kati ya 10, nawe utalihitaji kutengenezea meza ya kazi ya mtengeneza mishale, mwanakijiji mwingine mfanyabiashara.

Kuhusu almasi, ukiwa na zumaridi za kutosha na ukafanya biashara na mhunzi wa zana hadi apande daraja za juu, atakuuzia zana za almasi zilizokwisha kutiwa uwezo wa ziada. Hivyo udongo unaweza kukufikisha kwenye sururu ya almasi bila wewe kushuka tena shimoni.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka 12 anapanda miwa kando ya maji katika mchezo huo na anasema anatajirika. Je, ni kweli? Mama, Pongwe.

JIBU: Ni kweli, Mama. Miwa 3 hutoa karatasi 3, na mkutubi wa kijijini hununua karatasi 24 kwa zumaridi 1. Mwambie akate muwa kuanzia bloku ya pili na kuliacha shina, ili uote tena bila kupandwa upya.

SWALI: Ninamuuzia mtengeneza mishale vijiti 32 kwa zumaridi 1, lakini sasa anadai vijiti vingi zaidi, na wakati mwingine anakataa kabisa. Nimekosea wapi? Msomaji, Ngamiani.

JIBU: Hujakosea, ndugu yangu, umemuuzia kwa haraka kuliko anavyoweza kupokea. Gogo 1 hutoa mbao 4, na mbao 2 hutoa vijiti 4, kwa hiyo magogo 64 yanatosha kumfungia biashara yake yote ya mara 16. Akishafunga, ni lazima aifikie meza yake ya kazi ndipo afungue tena, naye anaweza kufanya hivyo mara 2 kwa siku ya mchezo, ambayo ni dakika 20 za saa yetu. Ukimaliza biashara yake yote kila anapofungua, bei hupanda. Ukimwachia nafasi, hushuka. Hakikisha basi kwamba hakuna ukuta wala kitanda kinachomzuia kuifikia meza, weka watengeneza mishale wawili au watatu ili uwauzie kwa zamu, na usimpige hata mmoja wao, kwa sababu wanakijiji hupashana habari na bei zitapanda hata kwa wale ambao hukuwagusa.