Maji ya uvuguvugu kisimani: je, ni jotoardhi?

SWALI: Tumechimba kisima cha mita 120 karibu na Uyole. Maji yanatoka bombani yakiwa na nyuzijoto 27, ilhali vijito vya huku ni vya baridi. Fundi anasema chini kuna moto wa volkano. Ni kweli? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Kipimo hicho kimoja hakitoshi. Wastani wa joto la hewa Mbeya kwa mwaka ni kama nyuzi 18. Mahali pa kawaida ardhi huongeza nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kina, kwa hiyo mita 120 zingewafikisha 22 hivi. Ziada ya nyuzi tano inafaa kuchunguzwa, ila mota ya pampu ya kuzamisha hupasha maji, na bomba lililolala juani hupasha zaidi.

Zimeni pampu siku mbili; kisima kikiwa kipya, subirini wiki kadhaa, maana uchimbaji wenyewe huvuruga joto la mwamba. Shusheni kipimajoto cha umeme chenye waya mrefu, mkisome kila mita 5 baada ya kutulia dakika tatu. Someni wakati wa kushuka tu, kwani waya ukipandishwa hukoroga maji. Vipimo vya mita 20 za juu msivitegemee: hapo majira ya mwaka bado yanaingia.

Kisha choreni joto dhidi ya kina. Mstari ukinyooka kwa mshazari, joto linapita kwenye mwamba wenyewe. Joto lisipobadilika kwa makumi ya mita, maji yanapanda au kushuka humo kisimani, na hesabu haifai. Tuseme kati ya mita 40 na 120 joto limepanda kutoka 21.0 hadi 25.8: hizo ni nyuzi 60 kwa kilomita. Zidisheni kwa 2, uwezo wa miamba mingi kupitisha joto, mpate milliwati 120 kwa mita ya mraba, yaani kiasi cha joto linalopanda kutoka ardhini. Wastani wa mabara ni kama 65.

Hata hivyo, kwenu maji hudanganya kuliko mwamba. Milima ya volkano ya Rungwe imekaa pale mikono mitatu ya Bonde la Ufa inapokutana: Rukwa, Usangu na Nyasa. Mvua nyingi ya milimani huzama na kuondoka na joto, kisha maji hutokea mabondeni kwenye nyufa, kama chemchemi za maji moto za Songwe. Ndiyo maana kisima baridi mlimani hakikanushi jotoardhi, wala cha uvuguvugu bondeni hakithibitishi volkano chini yake.

Mkishauriwa kupima silika (madini ya mawe yaliyoyeyuka majini) ili kukadiria joto la chini, kuweni waangalifu. Kwa kanuni ya kwazi, inayochukulia kwamba silika imetoka kwenye jiwe la kwazi, miligramu 100 kwa lita humaanisha nyuzi 137 huko chini. Lakini majivu na mawe mepesi ya volkano huachia silika kwa urahisi hata kwenye maji baridi, na jibu likawa kubwa kupita kiasi.

SWALI: Kuna shimo kwenye korongo letu, asubuhi tunakuta ndege na wadudu wamekufa. – Msomaji, Rungwe

JIBU: Hiyo huenda ni kaboni dayoksaidi kutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, haina rangi, na hutuama penye upepo mdogo, hasa alfajiri. Msipime kwa mshumaa: gesi hiyo ikifika asilimia 10 mtu huzimia kwa dakika chache, na mwali bado unaweza kuwaka. Zungushieni uzio, wazuieni watoto na mifugo. Mtu akianguka humo, asishuke mwingine kumfuata. Mvuteni kwa kamba au fimbo ndefu yenye ndoano mkiwa juu.