Maswali na Majibu: Chandarua Kimepitia Njia Gani?

Maswali ya leo ni ya uchambuzi wa njia: kupima jambo moja huleta matokeo kwa kupitia jambo lipi.

Mwalimu, shikamoo. Utafiti wetu Muheza uligawa vyandarua kwa kura, kijiji kwa kijiji. Wingi wa damu kwa watoto waliopata umepanda. Nilipoingiza idadi ya homa za malaria kwenye modeli ya takwimu, athari ya chandarua ikakaribia sifuri. Niandike kwamba chandarua huongeza damu kwa kuzuia malaria? – Mwanafunzi, Chumbageni

Marahaba. Usiandike bado. Kura iliamua kijiji kipi kipate vyandarua. Haikuamua mtoto yupi augue malaria. Mtoto anayekula vizuri, ambaye mama yake humuwahisha zahanati, huugua mara chache na damu yake huwa nzuri, chandarua kiwepo kisiwepo. Mambo hayo yakiachwa nje, malaria inabebeshwa sifa isiyo yake. Kwa hiyo ingiza kwenye modeli lishe, kipato, umbali wa zahanati na minyoo ya safura, vyote vikiwa vimepimwa kabla ya ugawaji. Kisha fanya lile ambalo wengi hulikwepa: kokotoa sababu iliyojificha ingehitaji nguvu kiasi gani kuyafuta matokeo yako. Imai, Keele na Tingley walieleza hesabu hiyo mwaka 2010, na programu ya takwimu ya R ina kifurushi cha kuifanya. Jibu lake liweke kwenye matokeo yenyewe, usilifiche kwenye kiambatisho.

Msimamizi wangu amenizuia kuendelea na uchambuzi wa njia kwa kuwa athari ya jumla, yaani ya njia zote kwa pamoja, haikuonekana. – Korogwe

Anafuata hatua za uchambuzi za Baron na Kenny za mwaka 1986, ambazo hutaka athari ya jumla ionekane kwanza. Kwa heshima zote kwake, hatua hiyo si ya lazima. Kwa mfano, mkopo wa biashara unaweza kumwongezea mtoto chakula nyumbani, na papo hapo ukampunguzia mama muda wa kunyonyesha. Njia mbili zinavutana, uzito wa mtoto hausogei, na bado zote mbili zipo.

Kupima athari inayopitia njia, nitumie kipimo cha Sobel au butstrapu? – Ngamiani

Butstrapu, yaani kuchota upya sampuli kutoka data yako mara nyingi na kukokotoa kila mara. Athari hiyo hupatikana kwa kuzidisha makadirio mawili, mfano la chandarua kwa malaria na la malaria kwa damu; yakizidishwa hayafuati mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, hasa sampuli ikiwa ndogo, na Sobel hudhani yanaufuata. Ila kama kura ilipigwa kwa vijiji, chota upya vijiji, si mtoto mmoja mmoja.

Niliwahoji wavuvi kwa dodoso moja, siku moja: kipato, msongo wa mawazo, pombe. Naweza kuchambua njia? – Pangani

Namba zitatoka, lakini hazitakuwa na maana unayoitaka. Msongo huleta pombe, na pombe nayo huleta msongo. Dodoso la siku moja haliwezi kukuambia kipi kilitangulia. Kwa sasa ripoti uhusiano tu. Ukipata nauli, rudi kwa wavuvi walewale baada ya miezi sita uwaulize tena.