Kukodi yoti ya mtu binafsi kwa safari ndefu: bima, bendera na mkuku

Swali: Shikamoo, Kapteni. Kuna mzee tunayefahamiana naye ambaye ana yoti ya matanga ya mita 12, iliyoundwa mwaka 2004. Miguu imemchoka na haendi nayo tena baharini, kwa hiyo amekubali kunikodisha kwa miezi minane. Mimi, mke wangu na marafiki wawili tunataka kuanzia Mediterania, tupite visiwa vya Canary, tuvuke Atlantiki hadi Karibea, kisha turudi. Cheti cha unahodha ninacho, na nimewahi kukodi yoti za makampuni mara kadhaa, wiki moja moja. Mzee anasema bima anayo, na kwamba karatasi moja ya makubaliano inatutosha. Je, inatosha kweli? Na kwenye chombo chenyewe niangalie nini kabla ya kutia saini?

Jibu: Marahaba. Karatasi moja yaweza kutosha ikiandikwa na mtu anayejua anachokiandika. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo bima.

Bima ya kawaida ya yoti ya mtu binafsi humkinga mwenyewe anapokitumia chombo kwa starehe zake, pamoja na wageni wasiolipa. Sehemu ya masharti ambayo watu hawaisomi huwa inasema kwamba kukikodisha ni marufuku bila idhini ya kampuni. Ukishamlipa mzee kodi ya mwezi wa kwanza bila idhini hiyo, unaweza kujikuta baharini bila bima yoyote, na mzee hana habari. Wengi hufikiria kupotea kwa chombo tu, lakini balaa kubwa zaidi ni madai ya watu wengine. Ukiingia bandarini upepo ukakusukuma juu ya yoti ya mtu ya mamilioni, au mtu akaumia, atakayedaiwa ni wewe uliyeshika usukani.

Kwa hiyo mzee aiandikie kampuni yake ya bima kabla hamjaandikiana chochote, na majibu yaje kwa maandishi. Aulize kama wanakubali chombo kikodishwe kwa mtu mwenye jina lako, kwa tarehe zinazojulikana. Aombe pia jina lako liingizwe kwenye hati kama mmoja wa wanaokingwa. Hapa ndipo hata wanasheria wa nchi kavu huteleza. Jina lako lisipokuwamo, kampuni inaweza kumlipa mzee hasara yake yote, kisha ikageuka na kukufuata wewe ikidai ilicholipa. Wakishindwa kukuingiza, basi angalau waandike kwamba wanaiacha haki hiyo dhidi yako. La mwisho ni eneo. Bima nyingi za Mediterania huishia Mediterania, na kuvuka bahari kuu huhitaji idhini ya pekee. Watataka kujua mko wangapi, uzoefu wenu ni upi, na mara nyingi wataomba ripoti ya ukaguzi ya karibuni.

Najua kuna atakayekunong'oneza, "Semeni tu amekuazima, pesa mpeane kimyakimya." Usithubutu. Mtathmini wa bima akija baada ya ajali huomba taarifa za benki na kusoma jumbe za simu, na marafiki zako wawili wataulizwa kila mmoja peke yake. Kampuni ya sasa ikikataa, tafuteni nyingine yenye kukingia vyombo vya kukodisha. Malipo yatapanda, na hiyo nyongeza iingie kwenye hesabu ya kodi tangu mwanzo.

Suala la bima linaamua pia kalenda yako. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kampuni nyingi hazitakilipia chombo kilichopigwa na kimbunga huko Karibea ndani ya miezi hiyo. Wavukao kwa pepo za biashara, zile zivumazo kuelekea magharibi, huondoka Canary kuanzia mwishoni mwa Novemba, na kurudi huanza Mei kupitia visiwa vya Azores. Maana yake miezi yako minane ni mizuri ukiipokea yoti Oktoba. Ukiipokea Februari, hesabu hazikubali. Hata ya Oktoba haina nafasi kubwa. Kutoka Las Palmas ya Canary hadi Saint Lucia ya Karibea ni kama maili 2,700 za baharini, yaani wiki tatu hivi kwa yoti ya ukubwa huo, na kurudi ni ndefu zaidi na huchosha zaidi. Mkataba ukiisha tarehe 31 Mei na wewe uko Azores unasubiri upepo mbaya upite, utakuwa unashikilia mali ya mtu bila haki. Andikeni mapema kwamba ukichelewa kwa sababu ya hali ya hewa utalipa kodi ya siku kwa kiwango kilekile, na bima iende mpaka mwezi mmoja baada ya tarehe ya kurudisha. Nahodha anayeikimbilia tarehe hutoka bandarini siku ambayo alipaswa kulala.

Sasa bendera. Hukusema yoti imesajiliwa nchi gani, na jibu langu linategemea hapo. Nchi nyingi hutofautisha chombo cha starehe na cha biashara, na kukodisha hukitia chombo upande wa pili hata kama mwenyewe hayumo ndani. Chini ya sheria za Uingereza, yoti inayokodishwa bila nahodha hutakiwa kuwa na cheti cha usalama cha vyombo vidogo vya biashara, ambacho huja na ukaguzi na orodha ya vifaa. Marekani inaruhusu kukodi chombo kitupu, yaani bila nahodha wala mabaharia, bila kukihesabu kuwa cha abiria, mradi waliomo wasizidi 12, wewe ndiwe uchague wa kukiendesha, na mwenye mali asiwe nahodha wake. Akipanda na kushika usukani huku mkimlipa, mmekuwa abiria wake na anahitaji leseni. Muulizeni msajili wa vyombo mwenyewe, kwa barua.

Kuna na forodha. Kama yoti ina bendera ya nje ya Umoja wa Ulaya na iko Mediterania bila kulipiwa kodi ya ongezeko la thamani, huenda iko pale kwa ruhusa ya muda ya miezi 18. Ruhusa hiyo ni ya matumizi binafsi ya mtu anayeishi nje ya Umoja. Ukodishaji huivunja, na forodha wanaweza kudai kodi hiyo ya ongezeko la thamani kwa chombo kizima. Usiridhike na "nililipa zamani." Omba kuiona risiti.

Ukiwa hapo kwa msajili, mzee aombe nakala ya karibuni ya kumbukumbu za chombo, uone kama kina rehani. Benki yenye rehani lazima iridhie. Tena yapo madeni ambayo hayaandikwi popote ila hukifuata chombo kokote, kama mishahara ya mabaharia au malipo ya waliowahi kukiokoa. Kwa deni la mtu mwingine kabisa yoti inaweza kuzuiwa bandarini nanyi mmo ndani, mnakunywa chai. Mzee atamke kwa maandishi kwamba hakuna deni la namna hiyo, na likijitokeza atagharamia yeye.

Ndani ya chombo uwe na hati halisi ya usajili (nakala haikubaliki kila mahali), leseni ya redio, bima yenye jina lako, na barua ya mzee iliyothibitishwa na mthibitishaji wa hati. Barua hiyo itaje jina lako, namba ya pasipoti, tarehe, na kwamba unaruhusiwa kukitoa chombo nje ya nchi. Afisa wa forodha akiona jina la mwenye chombo si la nahodha, hiyo barua ndiyo ya kwanza ataiomba. Kwa cheti chako, ulizia kama kinaweza kuambatana na cheti cha kimataifa cha unahodha kinachotolewa chini ya Azimio namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Nchi kadhaa za Mediterania hukitambua. Halafu jambo dogo ambalo hakuna anayelikumbuka: kifaa cha EPIRB, kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti, kimeandikishwa kwa jina la mzee na namba za watu wake. Kikiwaka, kituo cha uokoaji kitapiga namba hizo. Zibadilishwe, na atakayepokea simu awe anajua mko wapi na mko wangapi.

Tuje kwenye chombo. Ukikodi yoti tupu kwa miezi minane, kisheria umiliki wa matumizi unahamia kwako, na ubovu wake unakuwa ubovu wako usiku wa manane. Ajiri mkaguzi wako mwenyewe, umlipe wewe, na yoti ipandishwe nchi kavu. Mzee atakuonyesha ripoti ya miaka minne iliyopita. Isome, mshukuru, kisha ajiri mkaguzi hata hivyo.

Swali la kwanza kumuuliza mzee, mkiwa mmetulia, ni hili: imewahi kugonga chini, na lini? Usiulize kama ni nzima, kwa sababu kila mwenye chombo atasema ni nzima. Mei 2014 yoti ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki, yenye urefu unaokaribia wa hiyo yenu, ilikuwa ikirudi kutoka Antigua kwenda Southampton. Katikati ya Atlantiki mkuku, yaani ule uti mzito wa chini unaokisimamisha chombo, ulichomoka, chombo kikapinduka, na mabaharia wote wanne wakapotea. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walieleza katika ripoti yao ya 2015 kwamba kugonga chini kwa huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, huenda kulidhoofisha mahali mkuku ulipoungana na bodi. Ndiyo maana mkaguzi wako ainue sakafu yote. Atazame kama mbavu za chini zimeachana na bodi, hasa karibu na ncha ya nyuma ya mkuku ambako nguvu ya kugonga huishia, na kama kuna michirizi ya kutu kwenye bolti. Rangi mpya iliyopakwa eneo hilo peke yake hunitia shaka kuliko nyufa.

Nyaya zinazoushikilia mlingoti zina umri. Kampuni za bima nyingi huzitaka zibadilishwe baada ya miaka kumi au zaidi kidogo, kwa hiyo kwa yoti ya 2004 omba risiti ya mara ya mwisho. Vali za chini ya maji nazo hudanganya. Za shaba nyeupe (brass) ya kawaida hunyonywa zinki na maji ya chumvi zikabaki na umbo bila nguvu. Kwangua kidogo: ukiona rangi ya waridi badala ya manjano, toa hiyo vali. Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa. Ukifika ukaikuta imeshapata moto, rudi kesho. Boti ya kujiokoa ya kujazwa upepo iwe na cheti cha huduma ambacho hakitaisha mkiwa njiani.

Ugomvi mwingi ninaoitwa kuusuluhisha hautokani na ajali. Chanzo chake ni uchakavu. Ukikodi wiki moja unarudisha chombo kama ulivyokipokea. Kwa miezi minane na maili elfu nane au zaidi, utakitumia kuliko mzee alivyokitumia kwa miaka. Betri zitakufa, tanga la mbele lililochomwa na jua tangu enzi za mzee litapasuka mikononi mwako, na kila mmoja ataona ni haki yake kutolipa. Mkataba useme wazi kwamba uchakavu wa kawaida ni wa mwenye mali, vitu vya kutumika na kwisha, kama mafuta, vichujio na rangi ya chini, ni vyako, na uharibifu wa uzembe ni wako hadi kiwango ambacho bima hailipi. Kisha wekeni kiasi ambacho unaweza kutumia kwa matengenezo bila kuuliza, ukikata kwenye kodi. Kikizidi hapo umwandikie, na asipojibu ndani ya saa 48 ihesabiwe ameridhia. Bila kipengele hicho utakaa kisiwani wiki mbili ukisubiri mtu aione barua pepe. Siku ambazo chombo hakitumiki kwa ubovu usiousababisha, kodi isimame. Amana aishike mwanasheria, isikae kwa mzee wala kwako.

Kuna kipengele ambacho watu huona haya kukitaja, lakini kitaje kwa adabu: mzee ni mzee. Akifariki mkiwa Martinique huko Karibea, warithi wanaweza kutaka chombo chao kesho yake. Mkataba uwafunge na wao mpaka siku ya mwisho, vivyo hivyo mnunuzi akiamua kukiuza.

Siku ya makabidhiano piteni pamoja kila kabati, mpige video, mtie saini orodha. Kabla ya hapo, kama miguu yake inaruhusu, mwombe mtoke naye siku tatu nne kama mgeni wenu, bila malipo ya unahodha. Anajua ni pampu gani ya kupigwa kofi na swichi gani isiyoguswa, na hayo hayamo kwenye kitabu chochote. Angalau usiku mmoja kati ya hizo muulale baharini, mkigawana zamu nyote wanne. Yoti za wiki moja moja kwa kawaida hulala bandarini kila jioni, kwa hiyo huenda saa zenu za usiku ni chache mno. Ziandike kwenye kitabu cha safari, tarehe, maili na majina, kwa sababu fomu ya bima ya kuvuka Atlantiki itauliza.