Wastani wa kasi ya mabadiliko: x² ilikudanganya

Mkuu, umesema kwenye x², kutoka 1 hadi 3, ulichukua kasi ya mwanzo (2) na ya mwisho (6), ukajumlisha, ukagawa kwa mbili, ukapata 4, na kitabu kikakubali. Ukafanya hivyohivyo kwenye x³, 3 na 27, ukapata 15. Kitabu kinasema 13. Hesabu zako ziko sawa, ila ulikuwa unatafuta kitu kingine, na x² ikakufichia.

Mimi hili liliniingia barabarani, si darasani. Nilikuwa natoka Mbezi kwenda Morogoro na pikapu ya mzee. Saa 12 asubuhi dashibodi inasoma kilomita 84,216. Saa 4 niko Msamvu, stendi ya Morogoro, inasoma 84,388. Kilomita 172 kwa saa 4, yaani 43 kwa saa. Basi. Foleni ya Kibaha, chai ya njiani, pale nilipokanyaga mafuta, vyote havimo. Wastani unataka usome mara mbili tu: f(b) toa f(a), gawa kwa b toa a (a ni mwanzo, b ni mwisho, f ni kile unachosoma hapo). Kwenye grafu ni mwinamo wa mstari ulionyooka kati ya nukta hizo mbili, mchoro wenyewe upinde utakavyo.

Sasa, kabla ya Chalinze tochi ya trafiki, kile kipima kasi, ilininasa na 71 kwenye kibao cha 50. Ningemwambia afande "wastani wangu ni 43" angenicheka, na elfu 30 ningelipa vilevile. Yeye anapima kasi ya papo hapo. Zile 2 na 6 zako, na 3 na 27, ni namba za tochi.

Kwenye x² kasi ni 2x, inapanda kwa hatua sawa, ndiyo maana ncha mbili zilikupa jibu. Kwenye x³ kasi ni 3x²: inaanza 3, ikifika x = 2 bado iko 12, halafu inachomoka hadi 27. Ile 27 ya mwishoni ndiyo iliyokuvutia juu. Soma dashibodi: (27 − 1) ÷ (3 − 1) = 13. (27 hii ni thamani ya x³ yenyewe, si kasi, zimegongana tu.)

Jaribu x² kutoka −2 hadi 2. Utapata 0, na hujakosea. Jioni ile nami nilirudi Mbezi: umbali kutoka nyumbani sifuri, mshale wa mafuta uko kwenye nyekundu.